Simba kwenye Geti la Mwana wa Maganga

Mimi ni mtani wa ukoo wa Maganga, na mtani ana ruhusa ya kusema. Hata hivyo nilimuuliza padre kabla sijaanza kuandika, kwa sababu kila ninapomwaza Constantine mwana wa Maganga moyo wangu hucheka kwa namna isiyofaa mbele ya Ekaristi. Padre aliniuliza kama nina nia ya kusema uongo. Nikamjibu kwamba kwa habari za Constantine uongo hauhitajiki. Akasema basi andika, ila umwombee. Nimemwombea. Sasa ninaandika.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Kabla ya hapo pamba yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake, na mkulima alisubiri malipo mpaka akasahau kwamba alilima. Kisha ikawa ruksa: mwenye lori na mzani akaruhusiwa kununua. Bariadi, wakati huo tukiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, ikajaa mizani kila kona. Constantine alikuwa muuza mitumba, akipiga kelele gulioni juu ya rundo la suruali. Misimu michache baadaye alikuwa na malori mawili, nyumba yenye ukuta na geti la chuma, na kikohozi kipya kilichotangulia kila neno lake.

Hilo halikutuudhi. Mungu humpa amtakaye, hata pale tunaposhangaa uchaguzi wake. Kilichotuchosha ni kopo la biskuti.

Kopo hilo alirudi nalo kutoka Nairobi. Kwenye kifuniko palikuwa na picha ya ngao, na simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma kama walevi wanaoshikana wasianguke. Huko huko aliambiwa kwamba ile ni nembo ya ukoo wa wenye kiwanda, na kwamba Ulaya kila mtu wa maana anayo ya kwake. Biskuti akazila njiani, kopo akaja nalo kanisani. Baada ya misa alituonyesha kifuniko mmoja mmoja, akikishika kwa ncha za vidole kama mtu anayegawa komunyo, Mungu anisamehe.

"Hata serikali ina ngao yake," alisema.

Serikali ina bahari, ina mlima, ina jeshi. Constantine alikuwa na malori mawili. Lakini mwalimu wetu wa darasa la jioni alikuwa ametufundisha kwamba kila kitu kilichomo kwenye ngao ya taifa kina maana yake, kwa hiyo nilimuuliza kwa nia njema ya kwake itakuwa na nini. Akasema itaonyesha asili ya ukoo wake. Hapo nikajua kwamba pana shida, maana asili ya ukoo wake tunaijua.

Baba yake, mzee Maganga wa Sola, kule Maswa, alikuwa mnunguli. Banunguli ni chama cha wawinda nungunungu. Nungunungu akiingia shamba la viazi au la karanga, asubuhi unakuta mashimo tu, na mchana amelala chini ya ardhi ambako mshale haumfikii. Basi mnunguli humfuata. Hulala kifudifudi, mkono mmoja mwenge, mkono mwingine mkuki mfupi, akatambaa ndani ya shimo lisilo na nafasi ya kugeuka. Mbele anaweza kukutana na miiba, au na chatu aliyehamia humo. Maganga alifanya kazi hiyo mpaka uzeeni. Uso wake ulikuwa na makovu ya miiba, na watu wa Sola walikula viazi vyao. Alipokufa, banunguli wenzake walimwimbia hadi sauti zikakauka, na watani, baba yangu akiwa mmoja wao, wakamchimbia kaburi huku wakimtukana kwamba hatimaye amepata shimo la kumtosha.

Niliseme na hilo, kwa ajili ya wasiojua mila zetu. Kwenye koo zetu mbili jembe la kwanza la kaburi hupigwa na mtani. Ndugu wa marehemu hawagusi udongo kabla yake, wala jirani. Mtani huchimba, hutukana, huwachekesha wafiwa wasije wakamfuata marehemu kwa uchungu. Tumezikana hivyo tangu babu wa babu zetu, na Ukristo ulipokuja haukuona ubaya.

Mjane wa Maganga, mama Nyanjige, alikuwa akiishi kwa mwanawe hapo Bariadi, chumba cha uani. Alikuwa na mwiba wa nungunungu mrefu, mweusi kwa mweupe, ambao mumewe alimpa siku za uchumba. Aliutumia kugawia nywele wakati wa kusuka. Kichwa changu hiki kimepita chini ya mwiba huo mara nyingi, na aliponisuka alizoea kunitukana kiutani kwamba nina kisogo cha kondoo.

Siku moja ananisuka, Constantine akaja na karatasi zake. Mama akaona ni nafasi.

"Ng'wanone, mwanangu," alimwambia, "mimi nimekwisha kuzeeka. Nikifa nipeleke Sola, nilale kando ya baba yako. Banunguli waliobaki waimbe, watani wachimbe. Sitaki kingine kwako."

Constantine alikohoa. Akamweleza kwamba hilo asijali, kaburi lake ameshalipangia, litakuwa hapo hapo uani, la terazo, na juu yake ngao ya ukoo.

Mama akauliza ngao ndiyo nini. Constantine akamfafanulia kwa muda mrefu, akimwonyesha kopo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mwiba ukiwa umesimama kwenye nywele zangu.

"Na baba yako atakaa wapi humo?"

Constantine alisema fundi ataangalia.

Fundi alikuwa Josia, mchoraji wa Mwanza, ambaye sifa yake ilikuwa kuchora ukuta wa baa kiasi kwamba mlevi anajaribu kuishika chupa iliyochorwa. Simba aliyetakiwa kumchora hakuwa amewahi kumwona. Na ujue kwamba Serengeti iko pale karibu, kuna vijiji vyetu ambako simba husikika wakinguruma, lakini Constantine naye alikuwa hajawahi kutoka kwenda kumtazama huyo aliyemfanya babu yake. Josia akachora kwa kukisia, pale pale kwenye geti la chuma. Alitoka mnyama mwenye mwili wa ndama na uso wa mtu aliyepotelewa na ufunguo.

Simba alitakiwa kwa sababu, kwa maneno ya Constantine, mtemi ni simba, na yeye ameugundua utemi ndani ya damu yake. Hadithi ilikuwa kwamba babu yake alitoroshwa usiku akiwa mtoto, kutoka nyumba ya mtemi, wakati wa vita. Vita gani hakusema. Watemi kwenye hadithi hiyo walianza wawili, na kila alipokaribisha wageni aliwaongeza. Kwa hiyo kichwani mwa simba kikawekwa kibangwa, ile simbi nyeupe ambayo watemi walivaa kwenye paji la uso. Chini yake akataka ua la pamba, mzani, na lori. Josia alilalamika kwamba nafasi imekwisha. Wakavutana asubuhi nzima, mwisho lori likapunguzwa mpaka likabaki tairi moja. Kwenye utepe yakaandikwa maneno DAMU YA WATEMI.

Josia, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwuliza mama Nyanjige pembeni kama kuna kitu cha mzee angependa kukiona pale. Mama akautoa mwiba kichwani, akampa. Josia akauchora kwenye kona ya chini, mdogo, pete moja nyeusi na moja nyeupe, na ndicho kitu pekee kwenye ngao ile kilichofanana na chenyewe. Constantine alipokuja kukagua, aliuona kabla ya kumwona simba.

"Unataka watu wajue tulikuwa wala panya?"

Josia akaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mama alikuwa kizingitini, amesikia. Alinyoosha mkono, akarudishiwa mwiba wake, akauchomeka kwenye nywele, akaingia ndani.

Siku ya kuzindua geti waliitwa watu wote wa maana, na sisi watani tukaja bila kuitwa, kama ilivyo haki. Kiongozi wetu alikuwa kaka yangu Machibya, mkulima wa pamba, mtu mrefu anayezungumza polepole. Shuka ilipovutwa, watu walipiga makofi ya kulipia pilau. Machibya akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa chuma.

"Huyu ninamfahamu," alisema. "Ni yule mbwa wa marehemu Maganga. Wamemvalisha kofia."

Watu wakacheka. Akashuka na macho mpaka kwenye mzani, ambao Josia aliuchora umeinama upande mmoja.

"Na mzani wenu umelala. Mchoraji huyu ni mtu mkweli."

Hapo wakulima walicheka mpaka wengine wakakaa chini, kwa sababu mzani wa Constantine kila mmoja wao alikuwa anaujua. Sasa, mtani akikutukana, dawa yake ni rahisi: unamtukana zaidi, au unampa kuku aondoke. Machibya alikuwa amesimama pale anangoja kutukanwa, uso umeshajiandaa. Constantine alikohoa, akachukua kipaza sauti.

"Leo iwe mwisho. Ukoo huu hauna watani. Watemi hawataniwi."

Ujinga ulioje. Watemi wenyewe, wale wa kweli, walikuwa na watani wao, na waliyavumilia matusi mazito kuliko hayo mbele ya watu. Lakini kopo la biskuti halikuwa na habari hiyo.

Kicheko kilikatika. Machibya alivua kofia yake polepole, akainamisha kichwa.

"Tumesikia, mtemi."

Tukaondoka bila kugusa pilau, na nilihesabu hiyo kuwa mfungo. Nilipopita karibu na chumba cha uani, mama Nyanjige alikuwa mlangoni, amejishikilia kwenye fremu. Hakuniita kondoo.

"Philomena," aliniambia, "sasa mimi nani atanichimbia?"

Nilimwambia Mungu yupo. Ilikuwa kweli, lakini nilijua kwamba hilo halikuwa jibu la swali lake.

Alikufa wakati wa kuvuna pamba, alfajiri, bila kusumbua mtu. Kengele ilipogongwa nilikwenda na rozari yangu. Machibya na watani wengine walifika wamevaa vizuri kama watu wa ofisini. Siku za nyuma wangekuwa wameshaingia kwa kelele, mmoja amevaa gauni la marehemu, mwingine anamdai marehemu aamke apike. Safari hii walipanga mstari mbele ya Constantine, wakampa mkono wa pole mmoja mmoja, wakamwita mheshimiwa. Kisha wakakaa kwenye viti, mikono magotini, wakanyamaza.

Sijawahi kusikia msiba wa namna ile. Wafiwa walilia, wakanyamaza, wakalia tena, na hakukuwa na mtu wa kuwakata kilio. Binti za Constantine walilia mpaka mmoja akazimia. Mtani mmoja alinyanyuka, akamletea maji, akasema pole dada, akarudi kukaa. Adabu ile ilitisha kuliko tusi.

Jua likapanda. Padre alikuwa ameahidi kufika mchana. Palipopangiwa kaburi la terazo palikuwa na majembe yameegemezwa ukutani, chini ya simba mwingine mdogo aliyechorwa pale kwa ajili hiyo. Hakuna aliyesogea. Constantine akatuma watu stendi kutafuta vijana wa kuchimba. Wakaja vijana wenye mikono mikubwa, wakachukua majembe, kisha mmoja wao akamwona Machibya.

"Wazee, mtani ameshapiga jembe?"

Machibya akajibu kwa upole kwamba msiba huu ni wa kitemi, hauna mtani. Yule kijana aliangalia majembe, akaangalia ngao, akayarudisha majembe ukutani moja baada ya jingine. Wakakaa nasi. Kumi la tatu la rozari lilinipita bila kulisali, kwa sababu nilikuwa nimebana midomo nisicheke, na papo hapo machozi yananitoka. Mama yule alikuwa ndani kwenye joto, na mwanawe amesimama juani kwa suti, mwenye malori mawili, asiyeweza kupata shimo moja.

Mwisho akaja kwa Machibya. Alianza na ng'ombe. Akamwambia Machibya aseme anataka wangapi.

"Mtemi," alisema Machibya, "si suala la ng'ombe. Sisi ni watu wadogo, tunajua kuzika banunguli na wake zao. Mkewe mtemi hatujui anazikwaje. Tunaogopa kukosea."

Constantine akasema, huyu ni mama yangu, mnamjua.

"Tulimjua mke wa Maganga. Huyo alituomba tumchimbie, Sola. Kama ndiye aliyelala humo ndani, tuambie. Lakini kwanza tuambie Maganga alikuwa nani, maana kwenye geti lako hayupo."

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Constantine aligeuka kuitazama ngao yake kana kwamba simba angemsaidia, na simba akaonyesha ule ule uso wa kupotelewa na ufunguo. Alikohoa, na kikohozi kikaishia njiani. Kisha akavuta suruali yake magotini, akakaa chini, kwenye vumbi, mbele ya miguu ya Machibya.

"Alikuwa mnunguli," alisema.

"Sijasikia. Nina masikio ya mkulima."

"Alikuwa mnunguli. Alikuwa anaingia mashimoni kwa tumbo."

Machibya akajikuna kidevu. "Kichwa kwanza au miguu kwanza?"

"Kichwa kwanza."

"Na humo ndani hakuna nafasi ya kugeuka."

"Hakuna."

"Sasa mwana wa Maganga, alikuwa anatokaje?"

 Nikaona shingo ya Constantine inavimba juu ya tai, nikamwombea, nasema kweli, hapo nilimwombea kwa moyo wote.

"Matako kwanza," alisema.

"Matako kwanza," Machibya akarudia, akiwageukia watu. "Mnasikia? Ukoo mzima umetokea duniani hivyo. Na mjinga huyu ana matako makubwa namna hii, akaenda kuchora simba."

Uwanja mzima ulipasuka. Wale binti walicheka huku wanalia. Mtani mmoja akamnyang'anya Constantine koti la suti, akalivaa yeye, akaanza kutembea akikohoa. Mwingine aliingia ndani kumgombeza marehemu kwamba amezoea kulala mchana. Mimi nikamwita Constantine kisogo cha kondoo, kwa niaba ya mama yake, na yeye, katikati ya vumbi lile, akanijibu kwamba changu kingefaa kufungia mlango. Lilikuwa tusi dhaifu, lakini lilikuwa la kwake mwenyewe.

Padre alipofika tukamsalia mama pale pale, kisha tukampakia kwenye lori kwenda Sola. Lori lilikuwa na ngao mlangoni, damu ya watemi na yote. Nyuma, juu ya magunia, walipanda banunguli watano waliobaki, waliokuwa wamekuja msibani kutoka Sola, wazee wenye makovu usoni, na njia nzima waliimba nyimbo za shimoni, za giza na mwenge na mnyama anayerudi nyumanyuma. Machibya ndiye aliyepiga jembe la kwanza, kando ya Maganga. Alimtukana mama Nyanjige vizuri sana. Kabla ya kumfunika, niliuchomeka mwiba kwenye nywele zake, nikasali Salamu Maria, nikatoka.

Ningependa kuishia hapo, na kusema kwamba Constantine alikwenda nyumbani akamfuta simba. Hakumfuta. Alimwita Josia tena, na pale kwenye kona ya chini mwiba ukachorwa upya, pete nyeusi na pete nyeupe. Nilipouona nilimshukuru Mungu njia nzima mpaka nyumbani. Baadaye nikasikia anavyowaelezea wageni wanaotoka Mwanza na Dar es Salaam. Anawaambia kwamba ile ni kalamu, kwa sababu ukoo wao tangu zamani ulithamini elimu.

Kwa hiyo sala zangu zinaendelea, na utani nao unaendelea. Juzi nilipita pale akiwa amesimama na mgeni mwenye miwani, kidole chake kiko kwenye ile kalamu. Nilisimama, nikasalimia kwa heshima, nikamuuliza mbele ya mgeni wake:

"Mwana wa Maganga, kichwa kwanza au miguu kwanza?"

Mgeni alitutazama bila kuelewa. Constantine alikohoa, akaangalia huku na huko. Kisha akajibu, maana bado yupo hai, na siku moja naye atahitaji wa kumchimbia.